Karatasi Nilizozifua

Vijana wangu mnaoshika kazi ya taka siku hizi, nimewaona mkipita. Mna glavu, mna buti ndefu, na lori lenu huinua tumbo lake lenyewe likamwaga. Nawaonea wivu kidogo, na sioni haya kusema. Lori letu tulilimwaga kwa sepetu, na jozi moja ya buti ilivaliwa na watu wawili, mmoja asubuhi na mwenzake mchana, hata haikujulikana tena ile harufu ni ya miguu ya nani.

Mnaponikuta dukani huniuliza kazi ilikuwaje zamani, nami hucheka nikawapa kisa kimoja cha kuchekesha, kisha nikanunua sukari yangu nikaenda zangu. Leo nimeamua kuandika, kwa sababu kisa ninachostahili kuwapa hakichekeshi. Ni cha mjane mmoja wa Diani, Bi Mwanatumu, na shamba lake la pwani, na namna lilivyompotea kupitia mikono yangu. Lakini hamtakielewa nisipowaonyesha kwanza tulivyokuwa tukifanya kazi.

Jaa letu lilikuwa timbo la zamani, shimo kubwa yalimokatwa mawe ya kujengea majumba ya watu. Kaunsili ililichukua miaka ile ya mwanzo ya uhuru, hoteli zilipoanza kuongezeka pwani na taka zake zikawa hazina pa kwenda. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na barua yangu ya kazi iliandikwa "karani". Nilidhani nitakaa ofisini Kwale kwenye kiti cha kuzunguka. Nikaambiwa niende jaani, nihesabu malori na mikokoteni, niandike nani kaleta nini. Siku ya kwanza nilivaa tai.

Pale nilimkuta Mzee Nassoro, msimamizi wa shimo, mtu mfupi mwenye kofia ya kiua iliyokuwa safi kuliko kitu chochote mahali pale. Aliitazama tai yangu akasema, "Bwana Sekondari, kamba za kufungia mzigo zipo. Hukuwa na haja ya kuja na yako."

Jina hilo la Bwana Sekondari likanishika tangu siku ile.

Mengi ninayoyajua nilifundishwa naye. Alinifundisha kupima moto uliojificha. Taka zikilundikana huchemka ndani kwa ndani, juu pakavu na chini panaungua, na mtu akikanyaga anazama hadi gotini kwenye majivu. Mzee Nassoro alikuwa na nondo ndefu. Aliichoma kwenye lundo, akahesabu polepole, akaichomoa na kuishika kwa nyuma ya kiganja. "Kiganja chenyewe kina sugu, kitakudanganya," alisema. "Nyuma ya mkono hakudanganyi." Alinifundisha kuchoma makuti makuukuu asubuhi mapema kabla upepo haujaamka, na kamwe nisiache chokaa ya wajenzi imwagwe juu ya matumbo ya samaki, maana maji yakiigusa huchemka kama chungu cha wali.

Somo nililolikosea lilikuwa la gogo. Pembeni mwa shimo tuliweka gogo la mnazi, lori lirudi nyuma mpaka magurudumu yaguse gogo, lisimame. Siku moja gogo lilikuwa limeoza, nami nikamwambia dereva wa hoteli, "Rudi tu, nakuangalia." Nilimwangalia kweli. Nilimwangalia hadi gurudumu moja likaning'inia hewani na vichwa vya samaki vikaanza kuteleza. Dereva akaruka nje akiwa na kiatu kimoja.

Mzee Nassoro alikuja akitembea, hakukimbia. "Umemwangalia vizuri," akaniambia. "Sasa mwangalie akikutafuta."

Siku ile nilikiri mara moja kuwa kosa lilikuwa langu, nikacheka na wenzangu, tukalivuta lori kwa kamba. Kosa la gogo halikunitoa jasho kulikiri. Nilidhani basi mimi ni mtu wa kukiri makosa.

Sasa niwaeleze gunia la juu. Kwenye kibanda chetu, darini, Mzee Nassoro alitundika gunia safi la sukari. Kila karatasi iliyokuja jaani ikiwa na maandishi ya Kiarabu iliingia humo, isije ikakanyagwa. Mnajua desturi yetu: karatasi yenye jina la Mungu haitupwi. Juzuu zilizoraruka, kurasa za misahafu zilizoliwa na panya, hirizi zilizokatika uzi, zote ziliingia gunia la juu. Hata Biblia iliyochanika ya watu wa bara aliitia humo humo. Mfanyakazi mmoja alimuuliza kwa nini. Akajibu, "Na hiyo ina jina. Wewe unataka nikae hapa nichague?"

Kila Alhamisi alilishusha gunia, akatawadha, akakaa juu ya mkeka na kusoma kila karatasi kabla ya kuzika. Nyuma ya kibanda palikuwa na ua mdogo wa miiba, udongo wake mzuri, ndipo alipozika. Mimi niliona anapoteza wakati. Nilimwambia, "Mzee, zote zina Bismillahi juu. Si uzike tu?"

"Bwana Sekondari, watu wetu wameandika kila kitu kwa herufi hizi. Hapa nimetoa barua ya posa. Nimetoa dawa ya tumbo. Nimetoa orodha ya waalikwa wa harusi, na Bismillahi ipo juu. Nizike posa ya mtoto wa watu?" Akanionyesha sanduku dogo alimoweka karatasi za kurudishwa kwa wenyewe. "Soma kwanza. Mungu hachukii kusomwa."

Niliitikia ndiyo. Herufi nilizijua, nilipita chuoni utotoni kama nyote mlivyopita, nilihitimu hata. Lakini nilikuwa na Kiingereza kichwani, na kusoma herufi zile kwa Kiswahili niliona ni kazi ya wazee.

Ikaja wiki ambayo Mzee Nassoro alikwenda Lunga Lunga kwenye hitima ya dada yake. Siku tatu niliachiwa shimo. Siku ya pili asubuhi alikuja kijana mmoja na mkokoteni, jina lake Rashidi, aliyekuwa akifanya kazi bandarini Mombasa. Baba yake, Mzee Hamadi, alikuwa amefariki majuma machache kabla, na Rashidi alipewa ruhusa ya siku mbili kusafisha chumba cha marehemu. Mama yake, Bi Mwanatumu, alikuwa ndani kwenye eda, hatoki wala haonekani na wageni, na chumba kile cha nje hakukikanyaga.

Rashidi alishusha godoro la sufi lililooza, kitanda kilichovunjika tendegu, madebe matupu, na mwisho kasha la mti lililoliwa na mchwa upande mmoja.

"Hili usilitupe shimoni, kaka," akaniambia. "Ni misahafu ya mzee. Mimi chuoni nilikuwa mtoro, sijui kuisoma, lakini naogopa kuichoma. Nimesikia nyinyi hapa mnajua kuihifadhi."

"Tunajua," nikamwambia. "Ondoka na amani."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Alikuwa na machozi kidogo. Nikajisikia mtu mkubwa.

Humo ndani mlikuwa na karatasi nzito, za manjano, zimekunjwa mara nne, kila moja na Bismillahi juu. Nami nilikuwa na fikra yangu. Mwalimu wetu wa chuoni alitufundisha kwamba njia ya heshima zaidi ni kuzifua: uziloweke katika maji safi hadi wino utoke, kisha umwage maji yale mahali ambapo mguu haupiti. Kuzika karatasi kwenye udongo wenye mchwa niliona si adabu. Nilitaka Mzee Nassoro akirudi nimwambie, mzee, nimefanya vizuri kuliko wewe.

Nilitawadha. Nikaosha karai mara tatu. Nikajaza maji ya pipa, nikazitia moja moja, kwa utaratibu, nikisugua kwa kidole. Ule wino wa zamani ulikuwa wa masizi, haukushindana na maji. Ulitoka kama moshi.

Hapa vijana nisikilizeni. Karatasi ya tatu ilipofunguka mikononi mwangu, kabla wino haujatoka wote, jicho langu lilikamata neno. Sikulitafuta. Lilikuwa "minazi". Juu yake kidogo palikuwa na jina, Omari bin Shee, na chini yake neno "kisima". Nikasimamisha kidole. Minazi na kisima si maneno ya Qurani. Nilijua hivyo pale pale, kama ninavyojua sasa.

Halafu nikajiambia, pengine ni maelezo tu ya mtu pembeni. Nikajiambia, mbili zimekwisha kufuliwa, hii moja itasaidia nini. Nikajiambia, mwenyewe kasema ni misahafu. Wakati nikijiambia hayo kidole kilikuwa kimeanza tena kusugua. Nilipomaliza nilikuwa na karatasi tisa nyeupe. Nilizichanachana, nikamwaga maji chini ya ua, na kasha lenyewe nikalitupa shimoni.

Mzee Nassoro aliporudi aliniuliza kama gunia limepata kitu. Nikasema kidogo tu.

Miezi ikapita. Siku moja, kama saa nne za asubuhi, nilisikia hodi mlangoni mwa kibanda. Alikuwa mwanamke wa makamo, amejitanda leso mbili, miguu imejaa vumbi la njia.

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, alhamdulillahi."

"Mimi ni mjane wa Mzee Hamadi, wa kule pwani. Eda yangu imekwisha juzi. Nimetoka tu, nimekwenda chumba cha nje, nakuta kitupu. Rashidi ananiambia lile kasha alileta kwenu." Alisema bila haraka, kama mtu aliyekuwa akiyapanga maneno njiani. "Ndani yake mlikuwa na hati ya shamba letu. Babake Hamadi, Omari bin Shee, aliandikiwa na kadhi wa zamani alipolinunua. Wapimaji wanakuja mwezi ujao, na yuko bwana mmoja kutoka mjini amesema shamba ni lake. Ana karatasi iliyopigwa taipu. Sisi yetu ni ile. Nimekuja kuichukua."

Mzee Nassoro alikuwa akinoa jembe. Akainua kichwa. "Ni zile siku nilizokuwa Lunga Lunga. Bwana Sekondari, wewe ndiye uliyekuwapo. Kasha liliingia?"

"Liliingia," nikasema.

"Karatasi zake?"

Nilimtazama yule mama. Alikuwa amesimama wima, mkono mmoja umeshika upindo wa leso, na usoni hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alijua watu wa jaani wanaheshimu maandishi. Nikashindwa kumwambia nimezifua. Nikasema, "Nilizizika. Pale uani."

Akashusha pumzi. "Basi ziko."

Nilitaka kumtuliza kwa dakika moja tu, nipate pa kuanzia. Kabla sijaanza, Mzee Nassoro alikuwa ameshachukua jembe, na Bi Mwanatumu alikuwa amefunga leso kiunoni na kuomba jingine.

"Wewe kaa, mama, sisi tutachimba," Mzee Nassoro alimwambia.

"Nimekaa miezi minne na siku kumi," akasema. "Nipe jembe."

Tulichimba watu watatu. Nami nilichimba, ndiyo, mahali nilipojua hapana kitu, na malengelenge yakanitoka. Jua lilikuwa la kaskazi, lile la kukausha mate mdomoni. Mzee Nassoro alipiga jembe mara mbili, tatu, akainama akachukua udongo na kuuvunja kwa vidole. Akakaa kidogo juu ya jiwe. Kisha akainuka akaendelea kuchimba. Adhuhuri tulipumzika. Bi Mwanatumu alikuwa na muhogo wa nazi kwenye bakuli alilofunga kitambaa. Akanimegea kipande kikubwa.

"Kula, mwanangu. Umechoka kwa ajili yangu."

Nilikula.

Siku ya pili alirudi na tukachimba tena, hadi ua wote ukawa kama shamba lililolimwa. Tulitoa karatasi za miaka mingi, nyingi zimekuwa udongo, na kila moja Mzee Nassoro aliipuliza na kuisoma na kuiweka kando. Mchana ule aliniuliza bila kunitazama, "Bwana Sekondari, huna la kusema?"

"Sina, mzee. Labda mchwa wamezimaliza."

"Labda," akasema.

Nilikuwa bado kwenye miezi ya majaribio, ndiyo kwanza nimeoa. Niliogopa kufukuzwa, hilo ni kweli. Lakini mkinibana niseme ukweli wote, niliogopa zaidi kicheko. Niliwasikia kabisa masikioni: karani wa sekondari, kafua shamba la watu kwenye karai.

Bi Mwanatumu alifukia mashimo pamoja nasi, akanawa mikono, akatushukuru na kwenda zake.

Wazee wa kamati ya ardhi walikutana ofisini kwa chifu. Nilikwenda. Nilijiambia nikifika nitasema. Nilisimama mlangoni nyuma ya watu, na Rashidi alikuwa amekaa karibu na mama yake, baba zake wadogo wamekaa mbali naye. Ukoo wote ulikuwa umemtupia yeye lawama. Yule bwana wa mjini alitoa karatasi yake ya taipu, alikuwa mtu mpole, nadhani hata yeye aliuziwa na mtu. Karatasi ilisema shamba lake linaanzia kisimani.

Mzee mkubwa wa kamati akamgeukia Bi Mwanatumu. "Mama, nyinyi mnasema hati ilikuwapo. Mwanao alipeleka kasha jaani. Alisoma kilichomo?"

"Hakusoma."

"Yuko mtu aliyeisoma? Hata maneno mawili. Akila yamini hapa kwamba aliona jina la Omari na kisima, tutampokea kuwa ni shahidi. Kisima kiko pale, tutakwenda kukitazama."

Jina la Omari na kisima. Hayo ndiyo niliyoyaona, pamoja na minazi.

 Bi Mwanatumu aligeuka akatutazama watu wote tuliokuwa mlangoni, mmoja mmoja. Macho yake yalifika kwangu yakakaa.  Nikainamisha kichwa kama ninayetoa mchanga kiatuni. Nilipokiinua alikuwa ameshawageukia wazee.

"Hayuko," akasema.

Shamba likaandikwa jina la yule bwana. Bi Mwanatumu alipewa muda wa kuangua nazi zilizokomaa, kisha akahamia Bongwe kwa kaka yake. Rashidi alirudi Mombasa, na niliambiwa hata Idi hakuja.

Baadaye pakajengwa hoteli pale. Mnajua taka za hoteli zilikwenda wapi. Kwa miaka yote iliyobaki ya kazi yangu, lori lililotoka uwanja ule lilinijia asubuhi, nami niliandika kitabuni: chupa, makumbi, mashuka yaliyochanika, mabaki ya jikoni. Nilithibitishwa kazini, nikapandishwa, nikawa msimamizi. Mzee Nassoro alipostaafu alinikabidhi nondo, na gunia la juu, na lile sanduku la karatasi za kurudishwa. Hakuniuliza tena jambo lile, wala mimi sikumwambia. Alifariki likiwa bado halijanitoka kooni.

Msidhani nilitulia. Nilisoma kila karatasi iliyoingia gunia lile, miaka kwa miaka, hata risiti za dobi. Nilirudisha barua, nilirudisha vyeti vya ndoa. Watu wa Waa na Msambweni walinisifu kuwa mwaminifu. Sifa ile ilikuwa inanikaa vibaya, kama shati la mtu mwingine. Nikawa nafanya kazi nzuri kwa ajili ya watu wote isipokuwa yule mmoja niliyemkosea.

Kwa hiyo nawaomba jambo dogo, na ni la kazi. Mtaharibu kitu cha mtu. Katika kazi yetu hakuna asiyeharibu, maana tunashika vitu ambavyo mwenyewe hajui kama bado anavihitaji. Mkiharibu, semeni siku ile ile, mwenyewe akiwa amesimama mbele yenu. Mimi kosa la kufua ningelimaliza kwa aibu ya wiki moja. Kosa la kunyamaza limenichukua maisha.

Nilikwenda Bongwe baada ya kustaafu. Nilikuwa nimesikia macho ya Bi Mwanatumu yamepungua, nikaogopa nitachelewa kwake kama nilivyochelewa kwa Mzee Nassoro. Nilimkuta barazani, akichambua mchicha kwa kupapasa.

"Hodi, mama."

"Karibu. Sauti hiyo siijui."

Nikakaa chini, juu ya sakafu, nikamweleza. Sikuficha karai, wala kidole kilichosimama kikaanza tena, wala muhogo. Alichambua mchicha hadi nilipomaliza.

"Mwanangu," akasema, "nilijua siku ya kwanza, kabla ya adhuhuri. Nassoro alinong'ona. Alisema udongo huu haujavunjwa mwaka huu, kijana hajazika kitu hapa."

Nilimuuliza kwa nini basi walichimba siku mbili.

"Tulikuwa tunakungoja. Nassoro alisema kijana ana akili, ataona haya, atasema mwenyewe, na mtu akisema mwenyewe atasema pia mbele ya wazee wa kamati. Tukikulazimisha utakana. Basi tukachimba." Akatikisa sinia la mchicha. "Nilikungoja na kule kwa chifu. Nikaona kichwa kimeinama."

 Nilimwomba radhi, naye akasema ya kwake alinipa zamani, kwa sababu hakutaka kulala nayo. Kisha akasema, "Mwenye haki hasa si mimi. Ni Rashidi. Miaka yote hii anasema ndiye aliyetupa shamba la baba yake. Nimemwambia kuna mkono mwingine. Anasema mama, unaniliwaza tu. Anataka asikie kwa mwenye mkono." Akageuza uso kuelekea nyuma ya nyumba, akaita.

Rashidi alikuja na kikapu cha ndimu. Alikuwa na mvi kunishinda. Akanipa mkono kwa adabu, "Salaam alaikum, mzee," akinitazama kama mtu anayetafuta jina.

"Alaika salaam."

"Ni yule karani wa jaani," mama yake akamwambia. "Kaa."

Mkono wake ulikuwa bado mkononi mwangu. Akautoa polepole, akakaa juu ya kibao, kikapu katikati ya miguu. Nikaanza upya, tangu asubuhi aliyokuja na mkokoteni. Hakunikatiza. Nilipofika kwenye karatasi ya tatu aliinua kiganja.

"Ngoja," akasema. "Uliliona neno minazi ukiwa bado na karatasi mkononi?"

"Niliona."

"Na jina la babu?"

"Na jina la babu yako. Omari bin Shee."

"Ukaendelea."

"Nikaendelea."

Alikisogeza kikapu kando. Kisha akamgeukia mama yake na kusema, kwa sauti ndogo ya mtu aliyetuliwa mzigo begani, "Kumbe mimi niliileta salama."